Gari Ambalo Halikuingia Popote

Kabla hujamcheka mume wangu, jua kwamba nilimcheka mimi kwanza. Nimemcheka miaka kumi na tisa, ndani ya nyumba yake, nikila chakula chake, na sikumbuki kukuomba unisaidie.

Jina lake ni Ashiraf. Hapa Busia, upande wa Uganda, anajulikana kama fundi wa kunyoosha bodi za malori, na karakana yake iko nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Dereva akikwaruzana na mwenzake kwenye foleni, wote wawili wanaishia kwa Ashiraf. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha. Lakini hapa sisimulii kazi yake, nasimulia ugonjwa wake.

Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka saba. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na siku moja mzee alirudi safarini akakuta debe la mafuta ya kupikia limekatwa na kugeuzwa lori lenye bodi, ngazi na tela. Mama mkwe alinihadithia kwamba debe lilikuwa bado na mafuta, mtoto akayamimina kwenye birika la chai ili asiyapoteze. Alichapwa sawasawa. Kesho yake akakata debe la jirani. Walipaswa kujua siku ile ile kwamba huyu hatibiki.

Alipokuwa kijana alivuka kwenda Busia ya Kenya kujifunza ufundi kwa mzee Ojiambo, na huko ndiko alikopata kanuni ambayo hajaiacha mpaka leo: hakati bati la gari kubwa kabla hajatengeneza dogo. Gari dogo linakatwa kwenye bati la debe, magurudumu yanatoka kwenye kandambili kuukuu, vioo vinatoka kwenye chupa za plastiki. Sentimita moja ya gari dogo ni sentimita kumi za kubwa, hakuna tisa wala kumi na moja. Akilimaliza analiachia literemke kwenye ubao ulioinamishwa. Likipinda upande, analikanyaga kwa kiatu na kuanza upya. Likienda moja kwa moja, analigeuza na kuchora kwa msumari, chini ya tumbo, mwezi na mwaka. Ndipo anapoligusa gari kubwa.

Ndiyo, kulikuwa na gari kubwa. Mwaka wa 2006 aliona chasisi kijijini Sikuda, mkulima ameifanya lango la zizi la ng'ombe. Akamtengenezea lango jipya la chuma, akaondoka na chasisi juu ya mkokoteni. Siku ya nne akaniambia anataka kuunda gari lake mwenyewe, ambalo halifanani na gari la mtu yeyote. Nikamwambia Busia imejaa magari, yanapita mlangoni kwetu mchana kutwa, achague moja. Akasema hayo yote yameshaundwa na watu wengine.

Basi nikaolewa mara ya pili, safari hii na vyuma. Nimelala miaka miwili na boneti chini ya kitanda. Nimefuturisha wageni huku usukani ukining'inia juu ya vichwa vyao. Kila alipobadilisha kitu kwenye gari, gari dogo jingine lilipanda kwenye rafu ya chumbani, mpaka yakafika kumi na manne. Watu msikitini walimwita Injinia wa Madebe. Naye akiwasikia anaendelea kutawadha.

Na mimi sikubaki nyuma ya hao wa msikitini. Mwaka mmoja aling'oa mlango wa kushoto uliokuwa umeshakamilika, akauweka mwingine mpana kuliko wa kulia. Ukilizunguka gari unaliona kosa bila miwani. Nilicheka nikashika ukuta. Fundi mzima, miaka thelathini kazini, amesahau kupima? Akajibu tu, "Iko sawa hivyo, Mama Nabila." Nikaapa mbele ya majirani kwamba siku nitakayopanda gari lenye milango ya mke na mke mwenza, nitakuwa nimeshakufa.

Mwezi wa tatu mwaka huu gari lilikamilika. Alilipaka rangi ya chungwa, akaandika SIKUDA nyuma, akaniomba twende naye Tororo na kurudi. Nikamkumbusha kiapo changu. Akaenda peke yake.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa Busia tu ndiye angeweza kulifanya. Kwetu mpakani hakuna kitu kisicho na kwao. Ukiuliza sukari, kitenge au sufuria imetoka wapi, mwenyewe anafurahi, kwa sababu umeisifu. Basi askari wa kizuizi cha barabarani alipolizunguka gari na kuuliza, "Hii gari natoka wapi?" mume wangu alivua kofia kwa furaha akaanza kumhesabia. Chasisi Sikuda. Injini Kenya, kwenye lori dogo lililopinduka. Ekseli Nagongera. Kioo cha mbele Lumino. Taa tena Kenya. Askari alikuwa anaandika, na Ashiraf alidhani anaandika kwa kupendezwa. Ukiisoma karatasi ile, mwanzo mpaka mwisho ni maungamo ya mtu wa magendo.

Gari likapelekwa kwenye yadi ya forodha ya Tororo. Wakampa siku thelathini alete karatasi za kuonyesha liliingia nchini lini na kwa njia gani. Asipoleta, litakatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu.

Karatasi gani? Halikuingia popote. Lilizaliwa nyuma ya choo chetu.

Siku ya tano akaja Eibu, wakala anayewajazia watu fomu za mpakani, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na jibu moja kwa kila shida. Alikuwa na kadi halali ya usajili ya Corolla iliyokufa ajalini.

"Mzee, wewe nasema tu hii ndiyo ile Corolla, ulitengeneza upya," akasema. "Wiki moja, gari iko nyumbani."

Nilimsihi Ashiraf akubali. Naomba niliseme hili wazi, kwa sababu leo watu wananisifu. Nilimwambia ukaidi hauliwi na ugali.

Akamrudishia Eibu kadi yake kwa mikono miwili, kwa adabu. "Hapana, ndugu yangu. Mtoto yangu siwezi pea jina ya maiti."

"Basi watamkata," nikamwambia.

"Wakate. Lakini wakate Sikuda, si Corolla."

Baada ya hapo aliacha kugonga. Malori yaliyopinda yalikuja, akayaelekeza kwa mafundi wengine. Alikaa karakanani na mikono yake magotini. Kwa miaka yote nilikuwa nikiomba kupata kimya ndani ya nyumba ile, na sasa nilipokipata, nikakichukia. Siku ya ishirini na sita nilisimama chumbani nikaitazama rafu, na hasira ikanipanda. Si kwake. Nilikuwa na haki ya kumcheka mume wangu kwa sababu ni wangu. Hao wa Tororo walipata wapi haki ya kumnyamazisha?

Nikachukua beseni langu la kuuzia dagaa, nikayapanga humo magari yote kumi na manne, nikayafunika kwa leso na kuondoka bila kuaga. Goti langu la kushoto halikunjiki. Nilianguka na boda nikitoka Lumino mwaka wa 2018, mwezi wa saba, likaunga vibaya. Kuingia kwenye teksi kwangu ni vita, mguu unabaki nje kama mwiko kwenye chungu, abiria wanasonya, kondakta anasukuma. Siku ile nilisukumwa na beseni juu ya mapaja mpaka Tororo.

Ofisa wa yadi alikuwa kijana mmoja mnene aitwaye Edimu, mpole wa sauti, mgumu wa shingo. Nikamwambia nimeleta karatasi za Sikuda. Akanyoosha mkono. Nikaanza kupanga magari juu ya meza yake, moja baada ya jingine, mpaka akaondoa kikombe chake cha chai.

"Mama, hii ni vitu ya kuchezea."

"Pima," nikasema. "Moja kwa kumi. Kama gari ile imeingia na magendo, haiwezi kufanana na hizi. Pima, baba."

Alitaka kukataa. Nikakaa kwenye kiti chake cha wageni, nikanyoosha mguu wangu mpaka mlangoni, na wateja wakawa hawawezi kupita. Akachukua rula.

Tulianza na la mwisho kwenda nyuma. Anapima dogo, anamtuma mlinzi na futi ya kamba yadini, mlinzi anarudi na namba. Boneti, sentimita kumi na mbili, kule mia na ishirini. Paa, sawa. Urefu wote, sawa. Edimu alianza kuvuta kiti chake mbele. Aligeuza matumbo ya magari na kusoma tarehe zilizochorwa na msumari, mwaka kwa mwaka, na nikaona midomo yake ikihesabu.

Kisha rula yake ikakwama kwenye mlango wa kushoto. Kwenye gari la tisa ulikuwa sentimita kumi. Kwenye la kumi, kumi na tatu. Mlinzi akarudi na mia na thelathini.

"Hapa bwana yako alibadilisha," Edimu akasema. "Mlango ni kubwa, kiti imerudi nyuma, na hapa chini amechimba pahali ya mguu. Kwa nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mume wangu hajui kupima. Edimu akaligeuza tena la kumi. Agosti 2018.

Agosti ile nilikuwa kitandani na plasta mpaka kwenye paja.

Nililia pale pale, na sioni haya kusema. Miaka saba nilikuwa namcheka mtu kwa mlango wangu mwenyewe, na yeye anajibu kwamba iko sawa.

Edimu alisubiri, kisha akavuta fomu. Ikaanza shida nyingine. Fomu ilitaka nchi iliyounda gari, na kiwanda.

"Andika Busia," nikasema.

"Busia si nchi, mama."

"Basi andika Uganda. Kiwanda, Ashiraf."

"Huko Kampala watacheka."

"Waache wacheke, nimewatangulia."

Aliandika. Hakunipa namba ya barabarani, hilo ni la wakaguzi wa Kampala, na huenda wakakataa, nasi tutaenda na beseni. Alinipa barua kwamba gari si la magendo na liruhusiwe kurudi nyumbani. Nikampigia simu mume wangu. "Baba Nabila, njoo Tororo na funguo." Akauliza kama nimelitoa kwa jina la Corolla. Nikakata simu.

Alipofika sikumweleza kitu. Nilizunguka gari, nikafungua mlango wa kushoto, nikakaa, nikauingiza mguu wangu wa kushoto wote, ukiwa umenyooka, na haukugusa chochote. Akaingia upande wake na funguo mkononi.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Wewe ulikuwa nacheka vizuri," akasema, akaliwasha.

Pale kwenye kizuizi alikuwa askari yule yule. Aliisoma barua ya Edimu mara mbili, akalizunguka gari tena, akainama kwenye dirisha langu na daftari lake. Ashiraf alishika usukani kwa nguvu na kutazama mbele.

"Na hizi vitu zote, zinatoka wapi?"

Mume wangu alinigusa mkono ninyamaze. Nikautoa mkono.

"Andika," nikamwambia askari. "Chasisi, Sikuda. Injini, Kenya. Ekseli, Nagongera. Kioo, Lumino. Mlango huu, goti la Mama Nabila."

Kalamu yake ikasimama. Nikangoja aandike.