Mashine Aliyoikataa Marehemu

Mtaani wanasema mume wangu alinunua mashine mbovu kwa kupenda vya bei rahisi, akaiua karakana yake mwenyewe. Si kweli. Nilikuwepo.

Marehemu alikuwa fundi wa kukereza vyuma tangu ujana wake. Mashine ile iliyotumika, inayoongozwa na kompyuta, tulikwenda kuiona watatu: yeye, mimi na mdogo wake. Tuliikuta inazunguka kimya, rangi mpya inang'aa. Mume wangu hakujali rangi. Aliweka kiganja juu ya chuma, akakunja uso.

"Mbona ya moto? Nilisema nataka kuiona ikiwa baridi."

"Tumeipasha kidogo tu, mzee," muuzaji akacheka. "Hata wewe huanzi kazi bila chai."

"Mimi bila chai sitetemeki. Izimeni, kesho asubuhi nitaiwasha mwenyewe."

Mdogo wake akamvuta pembeni. "Kaka, kesho tutakuta imechukuliwa. Sema tu unaogopa kompyuta."

"Basi ichukuliwe."

Ikachukuliwa kweli, ikaletwa karakanani kwetu. Kila asubuhi ilitetemeka na kuharibu kazi za watu mpaka ipate moto, na wateja wakahama mmoja mmoja. Walipolalamika, mume wangu aliwaambia ameichagua yeye. Hakulibadilisha neno hilo mpaka tunamzika.

Hakuichagua. Aliyeileta msiniulize. Watoto wangu wana baba mdogo mmoja tu, na sahani yake bado naiandaa mezani kwangu. Sisemi zaidi.