Jiwe Nje ya Mlango

Mimi ni mtoto wa Bunda, wa nyumba ya pamba na ng'ombe, na kwetu baba alipoanza kusema hata kuku walijua ni wakati wa kutoka. Nilipopangiwa kufundisha darasa la kwanza katika kijiji cha ufukweni, kwenye rasi ya Musoma, nilikwenda na imani moja tu: mtoto asiyenyamaza hafundishiki. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, mdomo mkali kuliko elimu yenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, kipande cha sabuni tukikikata mara nne. Madawati hayakuwapo. Kila mtoto alikuja siku ya kwanza na jiwe lake la kukalia, amelibeba kichwani kutoka nyumbani, na pale lilipowekwa ndipo palipokuwa pake mpaka mwisho wa mwaka. Daftari ziliadimika, kwa hiyo waliandika kwa kidole mchangani. Chaki nilizivunja vipandevipande na kuzificha kama dhahabu.

Silaha yangu kubwa ilikuwa maneno mawili: kidole mdomoni. Nikiyasema, vidole vyote vinapanda kwenye midomo na darasa linazizima.

Vyote isipokuwa cha mtoto mmoja. Alikuwa msichana mdogo, pengo mbele, aliyelelewa na shangazi yake mtaa wa Kitaji, Musoma mjini, kisha akarudishwa kijijini kwa mama yake. Nikimaliza sentensi, anageuka nyuma, ananong'ona kwa Kijita. Anageuka kushoto, ananong'ona tena. Kijita sikukijua hata salamu. Niliamini ananisengenya, na siku wenzake walipocheka nikawa na hakika. Nilipomweleza mwalimu mkuu, alinikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Basi nikaanza kumkunja.

Nilimchapa. Alilia, akajifuta kwa mkono, akarudi kunong'ona. Ndipo nikabuni adhabu yangu mwenyewe, na nikajiona nina akili kweli. Nilimwambia abebe jiwe lake alitoe nje. Hakunibishia. Akalikalia juani, hatua tatu kutoka mlangoni, kidole mdomoni, siku hiyo na siku nyingi zilizofuata. Kila asubuhi alifika mapema, akalikuta jiwe nje, akaketi.

Darasa likatulia tuli. Mwalimu mkuu alisimama dirishani akasikiliza kimya kile, kisha akanisifu mbele ya wenzangu. Sitaficha, nilifurahi sana.

Jumatatu moja jiwe halikuwapo, wala mwenyewe. Nikamwandika mtoro, nikaendelea na kazi.

Lakini darasa langu tulivu lilikuwa limekufa. Nikisema chora duara, watoto wananitazama. Nikisema simameni, wanatazamana, mmoja anasimama kwa woga na wengine wanamfuata. Niliuita huo ukaidi, nikachapa tena. Mwishowe mwalimu wa darasa la tatu, mama wa makamo mzaliwa wa pale, alikuja kuniomba chaki akanikuta nimeinua fimbo. Aliwainamia watoto akaongea nao kwa Kijita, taratibu, kwa muda mrefu. Kisha akanivuta kando.

"Yule uliyemtoa ndiye alikuwaga anawapa maneno yako," alisema. "Hawa wengine hawajui Kiswahili, mwanangu. Humu ndani ulikuwa unafundisha mtoto mmoja tu, na yeye ndiye anafundisha darasa."

Niliona aibu. Nilimuuliza mtoto yuko wapi. Akasema mama yake amempeleka kisiwa cha Rukuba, kwenye kambi ya wavuvi, akaanike dagaa. Mama huyo alisema mtoto wa kukaa nje ya mlango hasomi chochote.

Jumamosi nilipanda mtumbwi wa kasia kwenda kisiwani. Niliwakuta wawili hao wakigeuza dagaa juani. Mama mtu hakuwa na Kiswahili cha kutosha, nami nilikuwa na maneno mengi: kwamba nimekosa, kwamba mtoto wake ana kipaji, kwamba nitamtengea mahali mbele kabisa, karibu yangu. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuyafikisha ila mtoto mwenyewe. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mwambie mama nimekuja kukuomba msamaha," nilisema. "Mwambie nataka urudi."

Alinitazama. Alijifuta mikono yenye magamba ya dagaa kwenye gauni, akasimama wima, akaweka kidole mdomoni.

Nilirudia. Nilimbembeleza. Nilimwambia akitoe, leo ninamwomba aseme. Kidole hakikubanduka, na macho yake hayakuwa na ujeuri wowote. Alikuwa anafanya vile nilivyomfundisha. Mama yake, ambaye hakuwa ameelewa nilichokuwa naomba, alimtazama binti yake akaridhika. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake kichache. "Saa hizi ana adabu."

Alinifungia dagaa kwenye kitambaa, nikarudi peke yangu na mtumbwi uleule.

Jumatatu nilipoingia darasani, watoto waliinuka kwenye mawe yao, wakaweka vidole midomoni kabla sijafungua mdomo. Niliwaambia wavitoe. Niliwaambia waongee, wapige kelele, wanong'one wanavyotaka. Wakaendelea kusimama wakinitazama, na hakuna hata mmoja aliyenielewa.