Kibirika Kinachomimina

Watu wa mtaa ule walimwita Kijicho, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani dada wa watu ana husuda. La hasha. Kijicho hakuwahi kumwonea mtu wivu, labda wanasesere tu, kwa nyumba zao nzuri. Jina lilitokana na mazoea yake ya kufumba jicho moja na kubandika kioo cha kukuzia kwenye lile jingine, kisha kuinama juu ya kitu kidogo kama ukucha na kubaki hivyo mpaka chai yake ikapoa na mwenye kitu akasinzia kitini.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kupima vitu vya wanasesere. Viatu, mikoba, viti vya kubembea, sufuria, kioo cha kujitazamia kisichotosha hata uso wa nzi. Mjomba wake alikuwa na duka la vitu vya zamani, ghorofani, juu ya muuza vitambaa. Mama yake alimpeleka pale kwa mjomba akiwa msichana, apumzike wakati wa likizo, na likizo ile haikuisha. Mjomba mtu ndiye aliyemfundisha.

"Kitu kidogo hudanganya kwa uso, mpwa wangu," alimwambia. "Kigeuze. Ukweli unakaa mgongoni."

Basi Kijicho akawa mtu wa migongo. Akipewa kabati, kwanza huvuta droo yake na kupitisha sindano ndani kuona kama fundi alipiga msasa mahali ambapo hakuna atakayeona. Akipewa kiatu, hutazama soli, imeshonwa au imegundishwa. Kijiko cha bati na kijiko cha fedha alivitenganisha kwa kuvigusisha mdomoni, kwani fedha hulipokea joto la mtu upesi, kama mgeni asiyengoja kukaribishwa. Na mwisho aliuliza, je, mwenye kitu ataweza kukitumia? Kijiko kinachokuwa mkononi mwa mwanasesere kama koleo la mjenzi, hata kikiwa cha dhahabu, si kijiko, ni uchokozi.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kioo kikishamkaa jichoni, chumba cha duka kilimpotea. Kabati lilirefuka mpaka likampita kichwa, harufu ya vanishi ikamjia puani, na yeye akawa amesimama ndani ya nyumba isiyo na vumbi, mchana usiokwisha, akisikia mtu chumba cha pili akipanga sahani taratibu. Hakuwahi kumwona mtu huyo. Alimsikia tu. Alipotoa kioo, kelele za barabarani zilikuwa kubwa mno, na mkono wake mwenyewe pale mezani ulimshangaza kwa unene, kama mguu wa tembo aliyepotea njia.

Aliwahi kuchumbiwa zamani, na karani mmoja mwenye suti nzuri. Uchumba ukavunjika. Karani alisema hawezi kuoa mtu anayemtazama kama anatafuta ufa. Kijicho hakulia sana. Ufa aliuona kweli.

Siku moja mchana, mvua ikinyesha bila haraka na duka limejaa mwanga wa kijivu, alikuja mwanamke mmoja aliyekuwa mkunga kabla ya kustaafu. Alikuwa na mikono mipana yenye upole, na katika mikono ile kisanduku cha dawa kilichojazwa pamba. Ndani ya pamba mlikuwa na vikombe, visahani na kibirika cha chai, vyote vyeupe, vimechorwa waridi.

"Nimevinunua kwa muuza vitu chakavu," alisema. "Aliniambia ni vya kale, vya miaka ya babu wa babu. Sasa mjukuu wangu anavitaka, na mimi nashindwa kuamua. Nimpe achezee, au nivifungie kabatini? Wewe ndiye mwenye macho, niambie."

Kijicho alichukua kibirika na kubandika kioo. Dunia ikanyamaza kama kawaida. Lakini safari hii aliingia kwenye chumba kigeni. Weupe wa kibirika ulikuwa si ule weupe baridi wa vyombo alivyovizoea. Ulikuwa na umanjano kidogo ndani yake, kama kitu kilichowahi kuwa hai. Waridi zilichorwa na mtu asiyeharakisha. Kifuniko kilipozungushwa kilishika mahali pake, kisianguke chai ikimiminwa. Chai? Nani aliwahi kumimina chai humu? Vibirika vyote alivyowahi kushika vilikuwa na mdomo wa kuonyesha tu, umezibwa ndani, kama bomba lililochorwa ukutani.

Alinyanyua kichupa cha duka cha kudondoshea mafuta ya saa, kikiwa safi, akachota maji, akadondosha ndani ya kibirika. Kisha akainamisha. Uzi wa maji ulitoka mdomoni, mwembamba kuliko unywele, ukaingia kikombeni bila kumwaga nje.

"Mama yangu!" alisema Mjomba, aliyekuwa akichungulia begani.

Kijicho alikikung'uta maji. Alikigeuza. Mkono wa kibirika uliwahi kuvunjika ukaungwa, na pale kwenye kiungo rangi nyeupe ilikuwa imebanduka. Chini yake kulikuwa na rangi ya waridi, ile inayokaribia nyama. Aliijua rangi ile lakini hakukumbuka ni ya wapi. Akainua macho apumzishe shingo, na macho yakaangukia bilauri juu ya rafu, mahali Mjomba alipokuwa akiweka meno yake ya bandia akishamaliza kula. Meno yalikuwa yamekaa majini, yakitabasamu, na ufizi wake ulikuwa wa rangi ileile.

"Si vya kale," alimwambia mkunga. "Samahani, mama. Hivi vimetengenezwa na fundi wa meno. Huu ni udongo wa kutengenezea meno ya bandia, na hapa ameunga kwa plastiki ya ufizi."

Mkunga alicheka mpaka mabega yakamtikisika. "Kwa hiyo nimeuziwa mbuzi kwenye gunia! Tena mbuzi mwenye meno! Haya, vina thamani gani basi?"

Hapo Kijicho alifungua mdomo kujibu, na jibu halikuja. Mjomba alimtazama kwa mshangao, maana mpwa wake hakuwahi kukwama.

"Niachie hiki kibirika," alisema mwishowe. "Nataka nimwone aliyekitengeneza kwanza."

"Mchukue," alisema mkunga, akikizungumzia kama mtoto. "Mimi nimezoea kuwakabidhi watu."

Fundi aliyemtengenezea Mjomba meno alikitazama kibirika akatikisa kichwa. Yeye hakuwa na subira hiyo. Lakini alimjua mtu mmoja, akasema, nyuma ya hospitali, anayefanyia kazi chumba cha juu kabisa. "Huyo anaweza. Ila haongei. Ukimsalimia leo, atakujibu kesho kutwa."

Kijicho alipanda ngazi akakuta mlango wazi. Kuta zote zilijaa rafu, na juu ya rafu taya za plasta zimepangwa safu kwa safu, nyeupe, zote zimefunguka kana kwamba zilikuwa katikati ya kicheko alipoingia. Unga wa plasta ulielea kwenye mwanga wa dirisha. Mwanamume mwenye mvi za kando ya masikio alikuwa ameinama juu ya jino moja, ameliegemeza kwenye ncha ya kidole, na jichoni mwake mlikuwa na kioo cha kukuzia.

Kijicho alisimama mlangoni. Alikuwa hajawahi kumwona mtu mwingine akiwa kule, ndani ya kioo. Alijua hasikii kelele za barabarani. Alijua kumshtua ni kumwangusha kutoka mbali. Basi akakaa kwenye benchi, akangoja, na kungoja kule hakukumchosha hata kidogo.

Fundi alipotoa kioo alitazama mkono wake kwanza, akaupindua kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ndipo akamwona mgeni.

"Karibu," alisema. "Ni ya juu au ya chini?"

"Meno yangu mazima, ahsante. Nimemleta huyu." Akafungua kitambaa.

Fundi hakukishika upesi. Alifuta vidole kwenye aproni, akafuta tena. "Nilidhani kilishavunjika zamani," alisema. "Tulihama nyumba, sanduku moja likatupotea. Nilikifinyanga kwa ajili ya binti yangu. Mama yake alishafariki, na mimi sikujua kucheza na mtoto. Nilimnunulia seti ya dukani, akaniita nikanywe chai. Akainamisha birika, hakikutoka kitu. Akaniuliza, 'Baba, wageni watakunywa hewa?' Sikulala vizuri. Kesho yake nikaanza hiki. Vya kwanza vyote vilipasukia tanuruni."

"Kazi ni nzuri," alisema Kijicho, na kwa kuwa hakujua kusifu bila kupima, akaongeza, "isipokuwa mkono wake. Umepinda kidogo kushoto. Hiyo ni kasoro."

Fundi alimtazama, na uso wake wote ukafunguka. "Umeona? Hakuna mtu aliyewahi kuona. Binti yangu anatumia mkono wa kushoto."

Kijicho alikichukua kibirika kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wake wa kushoto. Kikakaa sawasawa. Alihisi masikio yakimwaka moto. Miaka yote ile ya kugeuza migongo ya vitu, na hakuwahi kufikiri kujaribu kwa mkono mwingine.

Alipomwuliza kama angependa kurudishiwa, fundi alikataa. Binti yake yuko mbali, ana nyumba na birika kubwa la kwake. "Aliyenacho ana mtoto?"

"Ana mjukuu."

"Basi kimefika."

Kijicho alikirudisha kwa mkunga kwa mikono miwili. "Mpe mtoto," alimwambia. "Sokoni, cha kale kingekuwa ghali kuliko hiki, sikufichi. Lakini ningekuwa na vyote viwili, cha kale ningekiuza nipate cha kununulia sukari, hiki ningekinywea chai. Na kikivunjika, najua pa kukipeleka."

Vikavunjika vitu kweli, tena upesi, kisahani kimoja na sikio la kikombe, na Kijicho ndiye aliyevipeleka. Vilipokwisha kutengenezwa, akavifuata. Kisha akapeleka kiti cha kubembea kisichobembea, ingawa hakuna mteja aliyekiulizia. Kisha akapita tu. Mjomba alikuwa akipaka viatu rangi mlangoni, akamwambia bila kuinua kichwa, "Mpwa wangu, siku hizi meno yanakusumbua sana. Pole."

"Nashukuru, Mjomba."

"Usiwe na haraka ya kupona."

Kule chumba cha juu hawakuongea sana. Fundi alichonga, Kijicho akapima. Kila alichomaliza fundi alimwekea mbele, bakuli, kinara, kitasa cha mlango, akangoja hukumu huku akijifanya anatafuta kisu. Akiambiwa kitasa ni kikubwa kwa mlango wake, alikivunja bila kinyongo akaanza upya. Mara nyingine wote wawili walikuwa wamebandika vioo, kila mmoja kule kwake, na Kijicho alisikia chumba cha pili sahani zikipangwa, na kwa mara ya kwanza alijua kwamba akigeuka atamwona anayezipanga.

Mchana mmoja fundi aliweka chini kifaa chake. Alikohoa. "Na mimi," alisema, "ukinitazama hivyohivyo, utapata kasoro ngapi?"

Kijicho alimtazama kwa jicho la kazi, kwa utaratibu, kuanzia mvi mpaka viatu. "Bado siwezi kusema," alijibu. "Mgongo wako sijauona."

Neno lilipokwisha kumtoka ndipo alipolisikia. Alishika mdomo. Fundi, mtu aliyesemwa hujibu salamu kesho kutwa, alicheka papo hapo, mpaka akashika rafu asianguke, na taya zote za plasta zikatetemeka naye.

Walioana bila makelele. Binti alikuja, mrefu, mcheshi, akamshika Kijicho mkono kwa mkono wake wa kushoto, akamwita mama bila kujilazimisha. Mjomba alivaa meno siku nzima, heshima aliyokuwa haitoi kwa kila mtu.

Kilichobaki ni kitanda. Fundi alikuwa na kile cha useja, chembamba kama benchi la hospitali, na cha Kijicho kilikuwa cha ujana wake. Wakaenda kwa seremala mmoja mwenye karakana wazi upande wa barabara, na harufu ya mbao mbichi ikawapokea. Kijicho alipiga magoti mbele ya kila kitanda. Alipitisha kidole kwenye viungo, akachungulia chini, akagonga miguu, akanusa. Seremala, kijasho kikimtoka, alimwuliza fundi kwa sauti ya chini, "Bosi, huyu mama ni mkaguzi wa serikali?"

"Ni mke wangu," alisema fundi, na akalirudia, kwa kuwa lilimpendeza.

Kitanda cha mwisho Kijicho hakukipata na ubaya, juu wala chini. Alisema sasa inabaki kujaribu, akavua viatu, akalala chali. Paa la karakana lilikuwa juu sana, na vumbi la mbao lilikuwa likishuka kwenye mwanga polepole kama chembe za plasta. Hakuwa na kioo jichoni. Kila kitu kilikuwa kwa ukubwa wake wa kawaida, na bado palikuwa kimya. Akafumba macho kidogo.

"Bosi," alisema seremala baada ya muda, "kitanda kinauzwa, hakikodishwi."

Fundi alimwonyesha kidole midomoni anyamaze. Akavuta stuli, akaketi kando ya kitanda, akangoja.