Mkuyu wa Daraja la Mawe

Kitendawili! Najua mmeitikia. Wanamkanyaga mgongoni kutwa, maji yanampita tumboni, wala hasogei. Mmeshindwa? Nipeni mji. Butembo? Haya, nimeshiba: ni daraja.

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali juu ya mto, Edmond Maliro anashuka chini ya daraja la mawe, barabara ya Butembo kwenda Beni. Mkononi ana panga. Yeye ni kantonye: anafyeka kando ya barabara, anazibua mifereji, anang'oa kila mche unaoota kati ya mawe. Kilomita tatu, miaka kumi na tisa sasa, hadi mwaka huu wa 1969.

"Haya mawe mama yangu alibebaka ku kichwa," anasema, akilipapasa moja kama mgongo wa ng'ombe.

Mimi nyuma yake, tunafuata ukingo wa mto, kati ya maharagwe na matete. Anakumbuka siku ya uhuru.

"Zamani gari ya muzungu ikikuya, tunakimbilia pembeni. Siku ile tulitembea katikati, mama wee, polepole! Hata panga nilisahau mu majani."

Miaka minne baadaye ukaja uasi, na daraja likawa la wenye bunduki.

Miche yote Maliro huing'oa, isipokuwa mmoja: mkuyu uliotoka kwenye tao la pili. Mzizi wake umekuwa mnene kama paja, na ufa ulioupasua kati ya mawe sasa unaingia ngumi. Mkubwa wa barabara amesema mwisho ni leo: mti ukatwe, au Maliro aache kazi.

Débora, mkewe, amemletea viazi vya moto.

"Miaka tano nakuuliza, weye muzee. Ule muti ni bibi yako wa pili?"

Maliro anacheka.

"Cheka tu. Lori ya kahawa ikianguka na batu, utacheka tena?"

Kicheko kinakatika. Anapanda kwenye tao, anakata tawi nene kama mpini wa jembe, analichomeka ukingoni na kulishindilia udongo kwa kisigino. Mkuyu huota hata kwa tawi. Kisha anarudi, anaanza kuukata mzizi.

Mzizi unapoachia, anaketi palepale majini, panga mapajani. Débora anaacha viazi, anamfuata.

"Ni Kakule," anasema Maliro.

"Mudogo yako?"

"Siku baasi na bunduki yabo balipita hapa juu, tulijificha huku chini. Maji ilitufika mu shingo. Yeye alishika ule muzizi, mimi nikashika yeye. Kesho yake akaenda Kamango, kule ku mupaka. Akaniambia: 'Nikirudia, nitakukuta hapa ku muti.'"

Débora anafuta machozi kwa kitenge. Maliro anageuka kulitazama tawi.

"Donc, basi, hapana lia, mama Débora. Nimeuhamisha kidogo tu. Atauona."