Plagi na Mkono wa Kushoto

Mume wangu alipopatwa na kiharusi, nilijifunza kazi mbili ambazo sikuwahi kuziomba: kumwogesha mtu mzima na kuendesha gari. Gari lilikuwa lake. Maisha yake yote alikuwa dereva wa watu, akiosha na kuendesha magari ya wenyewe, hadi uzeeni akajinunulia hili dogo, kuukuu, la rangi ya majivu. Hakulifaidi sana. Ugonjwa ulimnyang'anya mkono wa kulia, ukamlegeza mguu, ukamwachia maneno matatu: "ndio," "apana," na "hiyo." Chai ikawa hiyo, choo kikawa hiyo, na mimi pia, siku mbaya, nikawa hiyo.

Tunaishi Lindi, ndani ya Kibera, mahali ambapo gari halifiki mlangoni. Tunaliegesha kwenye uwanja wa kanisa kando ya barabara. Asubuhi nilikuwa nachemsha githeri na kupika chapati, napeleka sufuria garini, kisha narudi kumchukua yeye. Tulipita vichochoroni polepole, ameniegemea bega, nami namwonyesha mtaro ulipo. Watu walitupisha. Tukishafika garini nilikuwa tayari nimechoka, na siku bado haijaanza.

Kutoka hapo tulikwenda Kawangware. Nilikuwa nawauzia mafundi wa mjengo chakula cha mchana kwenye geti la ploti ya mama mmoja mjane, mwenyeji wa pale tangu enzi za mashamba. Zahanati ambako mume wangu alikuwa akifanyia mazoezi ya mkono ilikuwa jirani, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwachia. Kwa hiyo alishinda ndani ya gari, mlango wazi, akitazama watu wakipita.

Msimu wa mvua gari likaanza kutetemeka. Kwanza yeye ndiye aliyesikia. Tulikuwa tunapanda kuelekea Ngong Road, akainua mkono wa kushoto na kuanza kugonga dashibodi kwa kidole, to-to-to, halafu pengo, to-to-to, halafu pengo. Akanitazama.

"Hiyo," akasema.

"Nini? Unataka maji?"

"Apana. Hiyo."

Nikamwambia anyamaze, niko barabarani. Baada ya siku chache hata mimi nilisikia. Nikikanyaga mafuta gari lilijikokota kama mtu mwenye pumu, na tukisimama kwenye foleni sufuria zilicheza kule nyuma.

Kuna fundi wa magari Kawangware, mtu mzima mpole, hufanyia kazi kando ya ukuta wa ile ploti. Alikuja akamsalimu mume wangu kwanza, "Niaje mzee," akampa mkono wa kushoto bila kuambiwa. Akafungua boneti injini ikiwa inanguruma, akawa anachomoa waya wa koili moja, kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi, anasikiliza mlio, anaurudisha waya, anakwenda kwa nyingine. Kila alipochomoa, injini ilizidi kuyumba. Alipofika kwenye ya tatu, haikubadilika kitu.

"Hii ndiyo imelala," akasema.

Injini ilipopoa alizitoa plagi zote akazipanga juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa na rangi ya chapati iliyoiva vizuri. Ile nyingine ilikuwa nyeusi, imelowa mafuta mazito. Alinipa niishike.

"Mathe, injini imezeeka. Oili inapenya mpaka kwa hii plagi, inashindwa kutoa moto. Nitaweka mpya, lakini itachafuka tena. Utakuwa unaitoa, unaisafisha, unarudisha. Ikikataa, unabadilisha."

"Kila mara nikuletee?"

"Ukinipata, sawa. Lakini si kazi ngumu. Mzee hajakuonyesha?"

Mume wangu alikuwa ananyoosha shingo kutoka kwenye kiti, akitaka kuona.

Siku hiyo ndipo yule mama mwenye ploti aliponiita pembeni. Alikuwa amenitazama nikimshusha mume wangu, nikimpeleka chooni, nikimrudisha, wateja wakiningojea na sahani mikononi.

"Mama, wewe utaanguka," aliniambia. "Mpeleke kwao ziwani akae na ndugu zake. Hapa umebeba mizigo miwili."

Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe alimuuguza mumewe mpaka mwisho. Nikamwambia nitafikiria, na kweli nilifikiria. Nilifikiria nikikanda unga, nikifua mashuka, nikimvalisha soksi.

Plagi ilichafuka tena kama fundi alivyosema. Nilimtafuta, alikuwa amesafiri. Basi Jumapili baada ya ibada, watu walipokwisha kutawanyika, nikatoa kopo la vyuma vya mume wangu chini ya kiti na kufungua boneti. Nilitaka nimalize haraka nikalale. Yeye akafungua mlango, akashika fremu, akajivuta mpaka akasimama mbele ya injini, fimbo imeegemea bampa. Akanyoosha mkono wa kushoto apewe spana.

"Baba, keti. Utaanguka."

"Apana."

"Acha nifanye, twende nyumbani."

Akaichukua kutoka kwenye kopo. Alihangaika kuifungua skrubu ndogo inayoshikilia koili, spana ikiteleza. Spana ikaanguka katikati ya mashine. Nikaitafuta kwa vidole mpaka nikaipata. Akaanza tena, ikateleza tena. Jua lilikuwa linachoma. Nikamnyang'anya spana. Sikumwomba; nilimnyang'anya kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Akausukuma ukingo wa kopo nililoweka juu ya injini, vyuma vyote vikamwagika kwenye changarawe, akageuka pembeni.

Nilikaa chini palepale kando ya gurudumu, na nguo yangu ya kanisani, kati ya vile vyuma. Sikuwa hata na machozi.

"Nimechoka, Baba," nikamwambia. "Nimechoka mimi."

Nikasikia fimbo ikisogea, halafu pumzi zake, jinsi alivyokuwa akihangaika na kitu mdomoni.

"Mi," akasema. Akakwama. "Mi pia."

Niliinua kichwa. Alikuwa amejishika kwenye bampa kwa mkono mmoja, uso umejaa jasho, na alionekana kushangaa kuliko mimi. Yalikuwa maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwake tangu augue. Na ya kwanza kuniambia yalikuwa kwamba naye amechoka. Mimi nilikuwa nadhani anayekaa ndani ya gari kutwa nzima anapumzika.

Tuliokota vyuma, mimi nikiinama, yeye akionyesha kwa fimbo palipobaki. Skrubu niliifungua mimi. Koili niliivuta mimi. Kabla sijaingiza spana ndefu ya plagi alinizuia, akainama, akapuliza vumbi lililozunguka lile tundu, lisije likatumbukia ndani. Plagi ikatoka nyeusi. Niliiosha kwa petroli kidogo na brashi ya waya, akaiangalia kwenye mwanga, akanirudishia, nikaisugua tena, mpaka akasema ndio.

Kuirudisha alitaka mwenyewe, nami nikamwachia. Aliichomeka mwishoni mwa spana na kuizungusha kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, taratibu, bila nguvu yoyote. Mara moja iligoma. Akarudi nyuma, akaanza upya, ikashika. Ilipofika mwisho akanipa mimi mpini, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Nilipoanza kukaza, kilisukuma pamoja nami. Kisha kikanikamata: basi, inatosha. Mimi ningeendelea kukaza. Ndivyo nilivyofanya kila kitu wakati ule, nikikaza mpaka kiumie.

Gari liliwaka bila kutetemeka. Tulirudi Lindi mwendo wetu uleule, na jioni nilimwogesha kama kawaida.

Mkono wa kulia haukurudi. Zahanati walituambia ukweli mwishowe, tukaacha kwenda. Maneno yameongezeka kidogo, si mengi. Mama mwenye ploti nilimwambia kwamba mzee atabaki na mimi, akaguna tu, akaniletea kiti cha plastiki chenye mikono awe anakalia kivulini badala ya garini.

Gari nalo linazidi kula oili, na fundi anasema siku zake zinahesabika. Lakini ile plagi sasa ni kazi ya mume wangu. Siku ya kuisafisha, namfungulia skrubu tu, mengine anafanya kwa mkono wa kushoto, polepole mno, akipumzika kila hatua. Mimi nalaza kiti cha mbele nyuma kabisa, navua viatu, nalala. Wakati mwingine huamka nikakuta ameshamaliza kitambo, amefunika boneti na kuketi kwenye ngazi ya kanisa, hajaniita.