Shuka Lililolala Nje

Saa saba mchana, jua linachoma utosi, na Fundi Mwezi anachora usiku.

Amekaa barazani kwake miguu peku, picha ya mteja ameiegemeza kwenye ndoo. Anachukua rangi nyeupe iliyobaki kutoka kwenye dari aliyopaka wiki iliyopita, anaidondoshea njano kidogo, anaikoroga kwa kijiti, kisha anauweka mwezi juu ya kilima kwa mzunguko mmoja wa mkono.

"Mwezi wangu ni dari za watu," anasema, na kucheka kabla ya msikilizaji wake.

Kazi inayomlisha ni kupaka nyumba rangi. Picha alizianza kama mzaha, akiona uchungu kumwaga mabaki ya makopo. Siku hizi kila jioni ya mbalamwezi anayoichora, iwe ziwa au njia ya shambani, humpatia karibu sawa na ujira wa kupaka chumba kimoja. Zimetundikwa kwa vinyozi, kwenye zahanati na sebuleni kwa watu asiowajua.

Sebuleni kwake hakuna hata moja. Mkewe, Mama Pacha, amegoma. Anasema picha zote ni za mahali wasikowahi kukaa, tena hazina watu, na yeye hataki kutazamana na ziwa la wenyewe kila akinywa chai. Fundi akiutaka ukuta ule, achore kwao.

"Mji mzima umenipa ukuta. Aliyeninyima ni mke wangu," anasema Fundi, na hapo hacheki sana.

Mwezi uliopita akajifunga kibwebwe. Akachora ua wao: tangi la maji, ngazi yake ya kazi, na kamba ya nguo yenye shuka moja jeupe linalong'aa kwa mbalamwezi. Mteja mmoja aliitaka papo hapo. Fundi akakataa, akaipeleka ndani kifua mbele.

Mama Pacha aliitazama weee, kisha akauliza shuka lile ni la nani.

"Letu," mumewe akajibu.

"Na usiku wote huo liko nje? Baba Pacha, wageni wakija si watasema mimi sianui nguo?"

Fundi alieleza mpaka koo likamkauka kwamba bila shuka mwanga hauna pa kutua. Mwishowe akakubali kulifuta, na roho ikamuuma, maana hajawahi kuchora kitu kizuri kuliko lile shuka. Mkewe akamwonea huruma. Akamwambia aliache, ila amchore na yeye anakwenda kulianua.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Watu husifu utulivu wa picha za Fundi Mwezi, kumbe ni woga: hajui kuchora binadamu. Mama Pacha wa kwanza alitoka kama pipa lenye mikono. Alifutwa haraka, lakini mapacha wao walikwishamwona, na habari ikafika jikoni.

Kwa hiyo kila mchana Mama Pacha husimama kambani, mikono juu, ameshika shuka. Mumewe anachora, anafuta, anamwomba ageuke kidogo. Anatumaini kuitundika picha hiyo kabla mwezi huu haujaisha.

Mkewe akiulizwa kama hachoki, anajibu bila kushusha mikono.

"Mwache achelewe. Miaka ishirini anatazama mwezi. Leo zamu yangu."