Kiganja Kisicho na Mistari

Asiniambie mtu kwamba niliota. Nitaotaje nami nimekaa kitako, jua la utosi, bakuli la hina limo mapajani? Wenyewe wapo hai. Zena binti Lali yuko Mkokoni kwa mumewe, na mamake, Mwanatumu Bunu, yuko papa hapa Ndau. Kawaulizeni. Mimi kusoma kwangu hakukufika mbali, lakini nililoliona kwa mato haya nawapa kama lilivyo.

Kwanza mjue kwamba kuchora hina sikufunzwa na mtu. Ndau ya utoto wangu haikuwa na mchoraji. Aliletwa kwa mashua kutoka Faza, na kwa wenye uwezo tu. Mimi nilianza na makaa na kijiti cha ukuti, nikijichora pajani ili mama asione. Maua niliyatoa wapi? Shangazi yangu Khadija Madi alikuwa akishona kofia, nami nikimkodolea mato. Kila kitundu alichotoboa kwa sindano, mimi nilikihamishia kwenye ngozi. Magamba ya samaki changu nikayafanya majani. Ile mikunjo ya mchanga inayobaki maji yakitoka, nikaizungusha kifundoni mwa mguu. Nilipoona imekubali, wallahi usiku ule sikulala! Tangu hapo nikikutana na mtu ndiani naangalia mikono yake kabla ya uso, nawaza: hapa ningetia nini?

Haya, tuje kwa Zena.

Ilikuwa siku ya kumtia hina, na bwana harusi ni mtu wa Mkokoni, kwa hiyo kisiwa kilijaa wageni tangu asubuhi. Zena alikuwa amesingwa mwili kwa manukato, amelala chumba cha ndani chini ya chandarua. Wanawake wote walikuwa ua wa pili na masufuria yao. Mimi peke yangu ukumbini nachuja hina kwa kitambaa, nasubiri adhuhuri iadhiniwe ili nimwamshe bi harusi tuanze.

Nikasikia, "Hodi." Salamu hakutoa. Hodi tu.

Akaingia mwanamke, buibui limeshuka hadi kwenye nyusi, harufu ya udi inamtangulia. Akaketi mbele yangu kama aliyeitwa.

"Nimekuja kutiwa hina. Ile ile ya bi harusi."

Sasa hapo ndipo nilipokosea, na nadhani kila mtu wa kwetu angekosea. Bi harusi hatanguliwi na mtu kwa hina yake. Lakini huyu nilimdhania ni wa upande wa mume, na mtu wa ukweni harudishwi, hasa siku ile. Maneno yangefika Mkokoni kabla ya mashua. Nikasema moyoni, nimchore kidogo ayende zake.

"Lete mkono, Bi."

Mkono ulikuwa wa baridi. Nikaanza kwenye vidole, nikashuka. Mzuri wa kuchorwa, laini, hina inateleza yenyewe! Mpaka nikafurahi.

"Wewe kakufunza nani?" akaniuliza.

"Mato yangu."

Akacheka. "Mato yako yaona sana."

Nikageuza mkono nianze kiganja, na ndipo yalipoona kweli. Kiganja hakikuwa na mistari. Hata mmoja! Mimi nimeshika viganja vya watoto wachanga na vya vikongwe, cha mtu huwa kimekunjwa tangu tumboni. Hiki kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa.

Nikakirudisha kijiti bakulini.

"Mkono wako waogopa, Bi?" akauliza.

"Ni baridi tu."

"Baridi? Yua hili la Ndau?" Akacheka tena, safari hii bila kufungua mdomo. "Chora. Na ua la kati ulifunge vizuri. Ukilifunga, nitamwamsha Zena mimi mwenyewe, tuondoke naye."

Mnaelewa? Kwetu ua la kati ya kiganja huachwa wazi mpaka mamake bi harusi aje, amswalie Mtume, ndipo mchoraji alifunge. Likifungwa, binti ameshatolewa, ni wa kuchukuliwa. Na huyu, hina ya Zena ikiwa mkononi mwake, alitaka kumchukua!

Nipige kelele? Masufuria ya ua wa pili yangeizima sauti yangu. Nikimbie nimwachie mtoto wa Mwanatumu? Nikaitafuta Ayatul Kursiyu, niliyoisoma maisha yangu yote, ikanipotea katikati. Niliyobaki nayo ilikuwa hina. Basi nikachora! Nikazunguka lile ua bila kulifunga. Nikatia jani, jani likazaa shina, shina likazaa vitundu, nikapanda kifundo, nikapanda mkono, vitu ambavyo sijapata kuviona kwenye kofia wala samaki wala mchanga. Vilikuwa vikija vyenyewe, niaminini! Hofu imenijaa, na mkono unacheza kama uko ngomani.

"Funga," akasema.

"Bado, Bi. Wataka uende nayo pungufu?"

"Funga!"

"Wifi za watu huchekwa kwa hina mbaya. Ngoja nitie hiki."

Alikuwa amejivuna nayo, nikaona. Akainamisha kichwa kuangalia, na akiangalia tu nikaongeza jingine. Nilikuwa nimefika kiwikoni, hina inakwisha bakulini, alipochoka. Akanishika kidole cha shahada, akakielekeza palepale kati ya ua. Nguvu ile si ya mwanamke.

Msikitini mwadhini, Bwana Athman, akakohoa kwenye kipaza sauti. Allahu Akbar!

Akatoweka, buibui na udi. Lakini hina ilibaki hewani kidogo, nawaapia, maua yote yananing'inia kama wavu, umbo la mkono mzima na ndani hamna mkono. Kisha ikaporomoka mkekani.

Nikamkimbilia Zena. Alikuwa ameketi, chandarua kimefunuliwa, miguu yake iko chini. "Bi," akaniambia, "nani huyo alokuwa akiniita?"

Nilipiga ukelele ambao Mwanatumu hadi leo anaucheka, na hakucheka siku ile. Zena tulimchora mamake akiwa amemkumbatia.

Kidole changu hiki, ncha yake ni nyekundu mpaka leo. Limau halikuitoa rangi hiyo, wala mchanga. Na yale maua yalibaki mkononi mwangu. Wanakuja mabinti hadi kutoka Kililana kuyataka. Mjukuu wangu Rukia ananiuliza, "Bibi, hizo dizaini umezitoa mtandaoni?" Namwambia nyamaza, koroga hina. Ua la kati silifungi mimi tena. Nampa mamake bi harusi kijiti, nageuza uso.

Nanyi mnaochora siku hizi kwa makoni yenu ya plastiki, mmeinamia simu: mwangalieni mtu kiganja kabla ya kuuliza anataka ua gani. Bi harusi asilale peke yake hata kama nyumba imejaa. Na ikitokea umeshaanza, umekwama, usikimbie. Chora, mwanangu. Chora kwa uzuri wote ulionao, wala usimalize.